Kiwango cha biti unapotoa wimbo: maswali tunayoulizwa studio

Studio yetu ni chumba kimoja na kibanda cha vokali, Tanga mjini. Tunarekodi kwaya, kaswida, Bongo Fleva, na taarab ikijaliwa. Siku ya kukabidhi kazi ndiyo siku ya maswali, na karibu yote yanazunguka jambo moja: faili litoke kwa kiwango gani. Tumeyakusanya hapa ili ukija uwe umeshajua unachotaka. Hata kama unajirekodi nyumbani kwa kompyuta yako, majibu ni yaleyale.

Biti ni ule mdundo, sivyo?

Sivyo, na hapa ndipo watu hupishana. Prodyuza akisema "biti kali" anamaanisha mdundo. Biti ya kompyuta ni sifuri au moja, alama ndogo kuliko zote ambayo mashine inaweza kuiandika. Kijana mmoja tulimwambia, "MP3 uliyoleta ina biti 128." Akakataa katakata: "Hapana fundi, biti yangu ni 95, nimeitengeneza kwa mkono wangu." Yeye alikuwa anataja kasi ya mdundo, mapigo 95 kwa dakika. Tulibishana kwa muda ndipo tukacheka.

Kiwango cha biti ni idadi ya biti zinazotumika kuandika sekunde moja ya sauti. Huandikwa kbps, yaani kilobiti kwa sekunde, na kilobiti moja ni biti 1,000. MP3 ya kbps 320 hutumia biti 320,000 kila sekunde, na hicho ndicho kiwango cha juu kabisa kwenye orodha ya viwango vya MP3.

Mbona WAV inaonyesha 1411?

Ni kuzidisha tu. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982 kwa kazi ya Sony na Philips, ilipangiwa kupima sauti mara 44,100 kila sekunde. Kila kipimo, tunachokiita sampuli, huandikwa kwa biti 16. Pande ni mbili, kushoto na kulia. Zidisha 44,100 kwa 16 kwa 2, unapata biti 1,411,200 kwa sekunde. WAV ya namna hiyo haijabana wala kutupa kitu. Ukirekodi kwa sampuli 48,000 na biti 24 utaona 2304 badala ya 1411, kwa hesabu hiyohiyo.

Nitajuaje faili litakuwa na MB ngapi kabla sijalitoa?

Baiti moja ni biti nane. Chukua kbps, zidisha kwa sekunde za wimbo, gawanya kwa nane. Hizo ni kilobaiti; gawanya tena kwa 1,000 upate megabaiti, yaani MB. Wimbo wa dakika nne una sekunde 240. Kwa kbps 128 utapata MB 3.8 hivi, kwa 192 MB 5.8, kwa 320 MB 9.6. WAV ya kiwango cha CD ni MB 42, na ya biti 24 kwa 48,000 ni MB 69. Kompyuta yako ikionyesha pungufu kidogo usishtuke, baadhi huhesabu kwa 1,024 badala ya 1,000.

Jaribu kitu hiki ukipata nafasi: rekodi dakika moja ya ukimya, maiki imezimwa, kisha toa MP3 ya 320 isiyobadilika. Utapata MB 2.4, sawasawa na dakika moja ya kwaya ya watu arobaini na kinanda. Wengi hudhani faili kubwa lina muziki mwingi ndani. Ukubwa unaonyesha biti zilizotengwa, basi. Kilichowekwa ndani yake ni habari nyingine.

MP3 inatupa nini hasa?

Inatupa kile inachokadiria kwamba sikio lako halitakigundua. Ukisimama karibu na mashine ya kusaga mahindi, husikii saa ya ukutani. Saa ipo, inaendelea kugonga, ila kelele ya mashine imeifunika. Muzikini ni hivyohivyo: ngoma nzito hufunika sauti ndogo zilizo karibu nayo kwa kimo, na hufunika hata zilizokuja sekunde chache sana, au tuseme sehemu ndogo ya sekunde, baada yake. Wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer kule Erlangen, Ujerumani, Karlheinz Brandenburg akiwa miongoni mwao, walitumia miaka mingi kuifundisha kompyuta kuzitambua sauti zilizofunikwa na kuzinyima biti. Jina la faili, .mp3, lilichaguliwa Julai 1995.

Ukiipa biti nyingi, inatupa vilivyofunikwa tu. Ukiibana, inalazimika kugusa na visivyofunikwa. Huko ndiko wimbo unakoanza kuharibika.

128, 192, 320: kweli tofauti inasikika?

Inategemea wimbo kuliko watu wanavyodhani. Gitaa moja na sauti ya mtu mmoja, kwa 192, wengi wetu hapa studio tukifumba macho hatuwezi kuitofautisha na WAV, na hatuoni haya kukiri. Lete kayamba, mambo yanabadilika.

Kayamba ni mtihani wa MP3. Mbegu mamia zinagonga kwa pamoja, bila mpangilio, sauti zake zimejaa juu kabisa, na kila mtikiso unaanza ghafla. Encoda, ile programu inayobana sauti kuwa MP3, huchukua sauti kwa fremu, yaani vipande, vya sampuli 1,152, karibu milisekunde 26. Makosa yake huyasambaza ndani ya kipande kizima, hata sehemu iliyotangulia mtikiso wenyewe. Kwa hiyo kwa kbps 128, kabla ya kila "cha!" unasikia kivumi kidogo kinachokimbilia mbele, na mtikiso wenyewe unakuwa laini, kama maji yanamwagwa kwenye mchanga. Makofi ya kaswida nayo hupatwa na ugonjwa huo. Kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, nyuzi zake za juu zikidonolewa haraka haraka, hupoteza ule ukali wa kucha. Na matoazi huanza kuzungukazunguka kama yamechovywa majini.

Kwa 128 encoda nyingi pia hukata kila kilicho juu ya kilohezi 16 au 17, yaani mitetemo 16,000 au 17,000 kwa sekunde, ili biti zitoshe kwa kilichobaki. Mtu mzima wa miaka hamsini huenda asijue kilichoondoka. Binti yake atajua.

Ukitaka kujipima, chukua WAV moja, itoe kwa 128 na kwa 320, kisha sikiliza kipande cha sekunde kumi chenye kayamba au makofi. Tumia hedifoni za waya. Kwa spika ya Bluetooth, simu au kompyuta hubana sauti upya kabla ya kuirusha, hivyo utakuwa unapima Bluetooth yako.

Nina MP3 ya 128 tu. Nikiigeuza kuwa 320 itakuwa nzuri?

Hapana. Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na jibu letu ni la jikoni. Ukishakamua nazi, tui zito limekwenda kwenye mchuzi, mkononi umebaki na chicha. Unaweza kuiongezea maji na kukamua tena, hata ujaze sufuria, lakini lile tui la mwanzo hulipati. MP3 ya 128 ikigeuzwa kuwa 320 ni chicha ndani ya sufuria kubwa: inakula nafasi mara mbili na nusu, na kayamba bado linamwagika mchangani.

Ubaya hauishii hapo. Kila ukibana tena, encoda inaanza kazi upya juu ya makosa ya mwanzo, na inayachukulia kama sehemu ya muziki. Ndiyo maana wimbo uliopita simu tano, kila moja ikiugeuza kwa programu yake, unasikika kama redio iliyofunikwa blanketi. Kuigeuza MP3 kuwa WAV hakuongezi hasara, lakini pia hakurudishi kitu.

Njia ya kweli ni moja: rudi kwenye WAV, au rudi kwenye mradi wenyewe ndani ya programu uliyorekodia, iwe FL Studio, Cubase au Reaper, utoe upya.

Nitaitambuaje 320 ya uongo?

Ifungue kwenye Audacity, programu ya bure, kisha kwenye menyu ya treki chagua mwonekano wa spektrogramu. Rangi zitaonyesha sauti kwa kimo: chini besi, juu matoazi. Wimbo wa kisasa uliotolewa kwa 320 moja kwa moja kutoka WAV kwa kawaida una rangi hadi karibu kilohezi 20. Ukiona ukuta ulionyooka kwenye 16, kama mtu amekata kwa rula, na juu yake giza tupu, basi kuna uwezekano mkubwa iliwahi kuwa 128.

Usimshtaki mtu haraka, hata hivyo. Rekodi za zamani za kanda, zile za taarab na dansi zilizohifadhiwa majumbani, mara nyingi hazina kitu huko juu tangu mwanzo. Sauti hufifia polepole kadiri unavyopanda. Ukuta uliokatwa ghafla ndio wa kutilia shaka.

Programu inaniuliza: kiwango kisichobadilika au kinachobadilika. Nichague kipi?

Kisichobadilika, kinachoandikwa CBR, hutoa biti zilezile kila sekunde, pawe na ngoma kumi au pawe kimya. Kinachobadilika, VBR, hugawa kwa mahitaji: penye kayamba kinajaza, penye ukimya kinabana. VBR ina akili zaidi, na encoda ya LAME kwa ubora wake wa V0 hutoa wastani wa 245 hivi, ambao kwa sikio letu hautofautiani na 320 ilhali faili ni dogo. Tunaitumia kwa nakala za kusikiliza.

Kwa redio na madijei tunatoa CBR 320. Baadhi ya mashine za zamani husoma vibaya muda wa faili la VBR, na dijei akiona wimbo wa dakika nne unaandikwa dakika saba hatauliza sababu, ataufuta.

Biti 16 au 24? Na 44,100 au 48,000?

Usichanganye hizi na kbps. Biti 16 au 24 ni kina, yaani kila sampuli inaandikwa kwa usahihi kiasi gani. Kina cha 16 kinabeba tofauti ya desibeli 96 hivi kati ya sauti kubwa kabisa na sakafu ya kelele. Cha 24, kwa hesabu, 144. Rekodi kwa 24 kila mara. Inakuruhusu kuweka maiki chini kidogo, ili muumini mmoja akipaza "Haleluya!" ghafla isipasuke, kisha uje kuipandisha bila kuamsha kelele.

Sampuli: 44,100 kwa muziki mtupu, 48,000 ukijua utawekwa kwenye video. Ulichoanza nacho endelea nacho. Za 96,000 zina wapenzi wake, sisi chumba chetu kina feni na pikipiki nje, hazitusaidii.

Ukishuka kutoka 24 kwenda 16 washa dhita, kelele ndogo sana ya makusudi inayolainisha makosa ya kukata biti. Fanya hivyo mara moja tu, mwisho wa kazi yote.

Msambazaji wa mtandaoni anataka faili gani?

WAV au FLAC, biti 16 au 24, sampuli 44,100 au zaidi. Usimpe MP3 hata kama mfumo wake unaipokea, kwa sababu majukwaa hutengeneza nakala zao yenyewe. Spotify kwa mfano hutumia Ogg Vorbis kwa viwango kama 96, 160 na 320, kulingana na alichochagua msikilizaji. Apple Music ina AAC ya 256, na tangu 2021 pia nakala zisizopoteza kitu. Ukiwapa MP3, msikilizaji anapata kilichobanwa mara mbili.

FLAC, kama hujaizoea, ni WAV iliyokunjwa vizuri sandukuni. Inaweza kupungua karibu nusu, na ukiikunjua kila biti ipo pale ilipokuwa. Ni nzuri kwa bando.

Kwa YouTube, mpe mhariri wa video WAV, na mwambie akitoa video aweke sauti AAC ya kbps 384 kwa sampuli 48,000, kama YouTube wenyewe wanavyoshauri. Tumeona video iliyogharimu milioni kadhaa, drone na nguo za sare, sauti yake imechukuliwa kutoka MP3 aliyotumiwa mhariri kwa simu.

Redioni si wanabana wenyewe? Kwa nini niwape kizuri?

Kwa sababu wanabana. FM ya stereo haipitishi sauti zaidi ya kilohezi 15 hivi, ni kweli, na kituo kina mashine zake za kusawazisha zinazosukuma kila kitu juu. Mashine hizo huinua sauti ndogo, na makosa ya MP3 ni sauti ndogo. Ukiwapa 128, kile kivumi cha kayamba kitapandishwa pamoja na muziki. Wape 320 kwa uchache, WAV wakikubali.

Nikitumiwa kwa WhatsApp ubora unapungua?

Omba utumiwe kama dokumenti. Hapo faili linafika lilivyo, WAV kwa WAV. Kinachoua wimbo ni kuucheza kwenye spika na kuurekodi kwa maiki ya simu kama ujumbe wa sauti, au kuuweka ndani ya video na kuituma kama video. Ujumbe wa sauti umetengenezwa kwa ajili ya maongezi: biti chache, maneno yasikike. Mwenyekiti wa kwaya moja alitupigia kulalamika kwamba miksi haina besi, kumbe alichosikiliza ni ujumbe wa sauti wa mtu aliyeshika simu mbele ya sabufa.

Mawaidha, mahubiri na hotuba je?

Hapa ubahili ni ruksa. Mzungumzaji mmoja hahitaji stereo. MP3 ya mono kwa kbps 64 inatosha, na saa nzima inakuwa MB 29 hivi. Hotuba hiyohiyo kwa 320 ni MB 144, na msikilizaji wako anayenunua bando la siku hatakushukuru. Kama kuna kaswida au pambio katikati, panda hadi 128 stereo.

WAV ilikuwa safi, MP3 inapasuka. Mmeiharibu?

Kama masta, ile nakala ya mwisho iliyokamilika, ilisukumwa hadi desibeli sifuri, ambayo ndiyo dari, hilo hutokea. MP3 hulijenga upya wimbi kwa makadirio, na kilele kilichokuwa kimegusa dari tu kinaweza kuitoboa. Acha nafasi ya desibeli moja: weka limita, kizuizi cha sauti isipite kiwango, kwenye desibeli hasi 1 kwa kilele halisi, kisha toa tena. Vijana hawapendi, wanataka wimbo ugonge kuliko wa mwenzao. Tunawaonyesha tofauti hapohapo kwenye simu zao, tunawaachia wachague.

Mwishowe nihifadhi nini?

Hapa tusimulie kosa letu. Miaka ya mwanzo diski zilikuwa ndogo, na tulikuwa na tabia ya kufuta mradi mteja akishachukua MP3. Familia moja ilirudi baada ya mama yao, aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya, kufariki. Walitaka sauti yake peke yake, bila ala, waiweke siku ya arobaini. Tulichokuwa nacho ni MP3 ya 128. Tulijaribu kuichomoa sauti kwa programu, ikatoka na matoazi yaleyale ya majini yameigandia. Walipokea, wakasema asante. Hatujafuta mradi tangu siku ile.

Kwa hiyo chukua vitu vitatu: masta ya WAV kwa biti 24, MP3 ya 320 iliyotoka kwenye WAV hiyo, na treki zote moja moja. Treki moja ya mono, biti 24 kwa 48,000, dakika nne, ni MB 35 hivi. Treki thelathini ni kama GB 1. Albamu ya nyimbo nane haitaingia kwenye flashi ya zawadi ya GB 4 uliyopewa semina. Njoo na ya GB 16 au zaidi, na ukifika nyumbani nakili kwenye kompyuta ya mtu mwingine unayemwamini.

Mnatoza kwa kututolea WAV?

Hatutozi. Ila ukirudi mwaka ujao na MP3 ya 128 ukitaka tuipeleke 320, soma tena habari ya nazi.